Ardhi Haina Mjomba

Nilikabidhi funguo za stoo siku ya Ijumaa. Jumatatu yake nikaamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikavaa buti, nikachukua kofia, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba sina uwanja tena. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akaniambia, Baba Anastazia, kama miguu inakuwasha, kaa uandike, wale vijana waliobaki na uwanja walikuomba. Basi ndiyo haya naandika, buti zikiwa bado mguuni.

Vyeo sitavieleza. Nilianza nikiwa mtunza uwanja wa Ujiji na nimemaliza nikiwa mtunza uwanja wa Ujiji, na mshahara wa mtunza uwanja hauna hadithi ndefu. Nitasimulia mambo ambayo mashine yenu mpya ya kukata nyasi haitawaambia.

Nilishuka kutoka Kalinzi nikiwa kijana ninayejua jembe, panga na mbuni wa kahawa, basi. Aliyenipokea getini ni marehemu Mzee Feruzi, mtu wa Ujiji wa kuzaliwa, mwembamba, kofia ya kiua kichwani na chokaa kwenye kope. Aliniuliza kama naweza kuchora mstari ulionyooka. Nikasema naweza, kwani kuna ugumu gani? Akanipa kopo la maziwa lililotobolewa matundu chini, limejaa chokaa, akaenda kukaa kivulini. Nilitembea kutoka goli la msikitini hadi goli la sokoni nikitingisha kopo kwa madaha yote. Nilipomaliza, Mzee Feruzi aliwaita muuza kahawa, fundi baiskeli na watu wawili waliokuwa wanapita zao, akawaonyesha. Akasema, "Huyu Muha ameanza mstari Ujiji, anaupeleka Kasulu." Kwa muda wa mwezi mzima kila nilipokwenda kunywa kahawa niliulizwa kama nimeshafika.

Kesho yake ndipo akanipa kamba ya katani na vigingi viwili. Hizo ndizo zana za kazi yetu, vijana, msizidharau: kamba, vigingi, kopo, fyekeo, reki, na lile pipa lililojazwa zege ambalo tulilivuta watu wawili kusawazisha ardhi. Nyavu za magoli tulishonewa na wavuvi, kwa hiyo zilinuka ziwa, na nimewahi kumwona golikipa mgeni kutoka mjini Tabora akiuliza kama goli lake lilitumika kuvulia. Nikamwambia siku hizi tunavulia mipira tu.

Sasa nieleze jambo moja ambalo watu hawaniamini. Nimefanya kazi kwenye ule uwanja miaka zaidi ya thelathini, ni mshabiki wa Migebuka, timu yetu ya Ujiji, mpaka mifupani, na mechi nilizoziona kwa macho hazifiki kumi. Siku ya mechi kazi yangu ilikuwa kushika kamba upande wa jukwaa ili watu wasiingie kwenye mstari. Mwenye kushika kamba huwatazama watu, mpira anaupa mgongo. Ukigeuka kidogo tu kuona bao, mama wa karanga ameshaingia ndani na beseni lake. Kwa hiyo mabao ya Migebuka nimeyaona kwenye meno ya watu. Nilijua krosi kwa jinsi shingo zilivyorefuka, penalti kwa jinsi wazee walivyoshika vichwa, na kukosa bao la wazi kwa matusi, ambayo mengine niliyasikia Ujiji tu na sijayasikia penginepo.

Mechi nilikuwa naiona kesho yake asubuhi. Mzee Feruzi ndiye aliyenifundisha. Kabla ya kuvuta lile pipa, alikuwa anazunguka uwanja mzima mikono nyuma, akisoma alama za njumu. Uwanja wetu ulikuwa mchanga mwingi na nyasi za kuungaunga, na wakati wa kiangazi ulishika alama vizuri sana. Viatu vyenyewe vilikuwa vichache na tulivijua: huyu njumu mbili zimeng'oka, yule kisigino kimeliwa upande, huyu kavaa saizi ya kaka yake. Mzee Feruzi alisoma nani alikimbia, nani alisimama, nani alipanda asirudi. Kamati ya timu ilikuwa inamsubiri kabla ya kupanga kikosi cha msimu, kwa sababu kwenye kamati kila mtu alikuwa na macho yake na kila mtu alikuwa na mtoto wa dada yake. Mzee Feruzi akawa anasema, "Ardhi haina mjomba." Alipostaafu akaniachia kamba, pipa na kazi hiyo ya kusoma.

Mwanzoni nilikosea sana. Mwaka wa kwanza nilimsifia beki mmoja kwa bidii ya kukimbia kila kona ya uwanja, kumbe zilikuwa alama za refa.

Kisha ikaja ile miaka ya tisini ambayo watu wa huku hawahitaji kuelezwa. Burundi iliwaka, na baadaye ng'ambo ya ziwa nako kukawaka. Watu walifika kwa mitumbwi na kwa miguu, wakiwa na magodoro, masufuria na watoto. Kabla kambi hazijawa tayari kuwapokea wote, uwanja wetu ulilaza watu majuma kadhaa. Nilimkimbilia Mzee Feruzi nyumbani kwake kumlalamikia kwamba kuna mafiga kwenye kumi na nane na watu wanachimbia vigingi vya maturubai katikati ya uwanja. Akaniuliza, "Petro, nyasi zikifa, mama zao watalia?" Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka napata joto masikioni. Nilirudi nikawachotea maji. Walipohamishiwa kambini nikafukia mashimo ya mafiga, na nyasi za kwenye yale majivu ziliota nzuri kuliko za uwanja wote.

Kitu kimoja kilinirahisishia siku zile: Kirundi na Kiha chetu ni ndugu wa chumba kimoja. Nilikuwa nasalimia amahoro, najibiwa, tunaendelea. Watu wa Ujiji walidhani mimi ni msomi.

Sasa nifike kwenye ile mechi. Ilikuwa kiangazi, msimu haujaanza, na Migebuka walialika timu ya Kalinzi kwa mechi ya kujipima. Fikirini hali yangu. Kalinzi ni kwetu, wameteremka na lori la kahawa wakiimba, baba yangu mdogo akiwa amekaa juu ya kichwa cha lori. Na mimi moyo wangu ni wa Migebuka. Niliwasalimia wote, nikawakaribisha, nikamwomba Mungu wafungwe kwa heshima.

Kamati ilikuwa imeshapanga majina kumi na saba bila ugomvi mkubwa. Lilibaki la kumi na nane, namba kumi na moja, winga wa kushoto. Waliogombania nafasi hiyo walikuwa wawili. Mmoja ni Shomari, kijana wa hapahapa Ujiji, mpwa wake Mwenyekiti wetu Mzee Kitwana, aliyekuwa na duka la vitenge. Wa pili ni Salvatori, Mrundi wa kambi za Kasulu, mrefu, mpole, ambaye kocha alimwona akicheza huko kambini akamwombea kibali. Kibali kilikuwa cha siku tatu. Kama jina lake lingeingia kwenye orodha, Mwenyekiti angemwandikia barua ya kuombewa kibali cha msimu mzima, akae Ujiji, acheze, aishi kama watu. Kama lisingeingia, Jumatatu mchana angepanda lori kurudi kambini, na wakati ule mtu wa kambini hakutoka tena kwa sababu tu anajua kupiga krosi. Orodha yenyewe ilitakiwa ifike mkoani Jumatatu hiyohiyo kabla ya ofisi kufungwa.

Kocha alitaka haki. Akampa Salvatori kipindi cha kwanza, Shomari kipindi cha pili. Kipindi cha kwanza winga yetu ya kushoto ilikuwa upande wa michongoma, mbali na jukwaa. Cha pili, baada ya kubadilishana magoli, ikawa upande wa jukwaa, hapo nyuma ya mgongo wangu.

Mechi ile, nilivyoiona kwenye nyuso za watu, ilikuwa tamu ajabu. Kipindi cha kwanza shingo zililala upande wa michongoma karibu muda wote. Mzee mmoja wa baraza la kahawa alisahau sigara mdomoni mpaka ikamuunguza mdomo, akaitema bila kuondoa macho uwanjani. Bao la kwanza lilipoingia, kamba yangu ilikatika. Sikuumia, nilikanyagwa kidogo tu. Kipindi cha pili watu walipiga kelele zaidi kwa sababu Shomari alikuwa mbele yao na ni mtoto wao, wanamjua mpaka mama yake. Kalinzi wakarudisha, nasi tukaongeza. Mbili kwa moja. Baba yangu mdogo aliondoka akisema refa ana shemeji Ujiji.

Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nikaingia uwanjani mikono nyuma. Ndugu zangu, hakuna starehe kama ile. Nyuma ya goli la sokoni akina mama wa dagaa walikuwa wameshaanika. Tulikubaliana hivyo tangu enzi za Mzee Feruzi: siku za giza, mwezi usipotoka na dagaa wakijaa, mchanga wa pwani hautoshi, wanaruhusiwa kuanika nyuma ya goli, lakini ndani ya mistari hapana. Niliwapungia mkono, nikaanza kusoma kikosi.

Golikipa wetu: alama nyingi sana karibu na mlingoti wa kulia, visigino vikiwa vimezama. Maana yake aliegemea mlingoti akapiga soga na watu wa nyuma ya goli. Dawa yake ni kuwafukuza wale watu, golikipa mwenyewe mzuri. Beki wa kulia: alipanda mara tisa, na alama za kurudi nilizihesabu nne. Mara tano alirudi kwa njia anayoijua yeye. Beki wa kati, fundi seremala wa Buzebazeba: hakusogea sana, lakini kila aliposimama alisimama sawasawa, na mshambuliaji wa Kalinzi alikuwa amezunguka mbali kama mtu anayekwepa mbwa. Huyu nilimwandika moja kwa moja: aanze. Namba sita alikimbia uwanja mzima, nilimkuta mpaka kwenye kona ambazo hazimhusu. Nilijiuliza mara mbili kama ni yeye au ni refa. Mshambuliaji wetu wa kati, mfungaji wa mabao yote mawili, alikuwa na alama chache kuliko watu wote, na zote zimefuata kivuli cha jukwaa. Jua likisogea, naye anasogea. Sasa utamfanya nini mtu anayefunga mawili akiwa kivulini? Nikaandika: aendelee, ila mechi za saa sita asipangwe.

Nilikuwa nacheka peke yangu. Wale akina mama walikuwa wameshanizoea.

Nikaja winga ya kushoto. Upande wa jukwaa, alipocheza Shomari, nikakuta kazi nzuri: mbio mbili ndefu, kona moja aliyoipiga vizuri, na baada ya hapo alama za mtu aliyechoka lakini hakulala. Nikavuka kwenda upande wa michongoma kumtafuta Salvatori. Hapakuwa na kitu. Kuanzia mstari wa katikati mpaka kibendera cha kona, ardhi ilikuwa laini kama mkeka wa Ijumaa. Nilirudi mara mbili. Nilizikumbuka shingo zilizolala upande huu, lakini niliamini ardhi kuliko shingo. Nilijiambia, huyu bwana alisimama pembeni, labda ni woga wa uwanja mgeni, labda njaa. Moyo uliniuma, maana alinisalimia vizuri juzi yake na nilimpenda. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba ardhi haina mjomba, na mjomba mwenyewe nisiwe mimi.

Saa mbili nikawa dukani kwa Mzee Kitwana, kamati imekaa katikati ya vitenge. Nikasoma karatasi yangu. Walicheka kwa golikipa, wakacheka kwa mfungaji wa kivulini. Nilipofika namba kumi na moja nikasema Shomari amecheza, Salvatori hakucheza. Kocha akashtuka, akasema mbona yeye alimwona akicheza. Mtu mmoja akamjibu kwamba kocha ndiye aliyemleta, atakosaje kumwona. Wengine wakatazama vitenge, maana mwenye duka ni mjomba wa Shomari. Mwenyekiti aliniuliza kama nina hakika, nikamjibu nina hakika. Nilijisikia mtu mkubwa sana.

Kocha hakuweza kumwambia Salvatori, kwa hiyo nikaambiwa mimi, kwa sababu najua lugha. Nilimkuta amekaa nje, mkoba wake mdogo mapajani. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema murakoze, kwamba anashukuru. Kisha akaniuliza jezi airudishe ilivyo au aifue kwanza. Nikamwambia airudishe ilivyo. Akaitoa mkobani, akaikunja kwa uangalifu, akanipa, akaenda kusubiri lori la mahindi ya msaada lililokuwa linarudi Kasulu. Nilibaki nimeshika ile jezi nisijue niiweke wapi.

Nikarudi uwanjani kuvuta pipa, bila hamu. Mama Zuhura, mkubwa wa wale akina mama wa dagaa, mwanamke wa maneno machache na fagio refu la chelewa, akaniita kutoka nyuma ya goli. Sikutaka maongezi, lakini Mama Zuhura akikuita unakwenda.

"Bwana Uwanja," akasema, "jana mlicheza mpira au mlilima?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akanieleza bila haya yoyote kwamba alfajiri mitumbwi ilirudi na dagaa wengi mno, nyuma ya goli hapatoshi, wakaamua kuiba kidogo upande wa michongoma kabla sijafika. Wakafagia. Dagaa wa kwanza walipomwagwa wakaanza kupotelea kwenye mashimo. Wakawazoa, wakafagia tena, wakijaza mchanga mashimoni kwa nyuma ya fagio. Hapakufaa. Mgongo ukamuuma, wakaacha, wakarudi nyuma ya goli kubanana. Alitaka kujua ni trekta gani lililopita pale.

Nilikwenda upande wa michongoma nikikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Nikapiga magoti, nikachomeka kidole mchangani. Kikazama mpaka kiungo cha pili. Nikachomeka hatua moja mbele, kikazama. Nikainamisha uso nikapuliza vumbi, phuu, na tundu la njumu likafumbuka, na jingine pembeni yake, na jingine. Nilipuliza ule mstari kama mtu anayewasha jiko la mkaa. Mama Zuhura alisimama juu yangu akidhani nimepatwa na jambo, kisha alipoelewa akapiga magoti upande wa pili, kanga yake na mambo yake, naye akaanza kupuliza.

Ee bwana. Pale palikuwa na mchezaji. Hapa amesimama ghafla, visigino vimechimba. Hapa amegeuka kwa mguu mmoja. Hapa amekwenda hatua ndefu saba bila kugusa kisigino. Mara kumi na nne alikwenda, na mara kumi na nne alirudi kukaba. Na pembeni kabisa, mara tatu, palikuwa na bonde pana lisilo na njumu hata moja. Mama Zuhura akaniuliza hiyo nayo ni nini. Nilitazama vizuri, nikamwambia hayo ni makalio ya beki wa Kalinzi. Tulicheka tukashikana mabega, mimi na mama mtu mzima, tumejaa vumbi mpaka kope. Halafu nikamkumbuka Salvatori na mkoba wake, nikaacha kucheka. Nikamwambia, mama, twende dukani kwa Mwenyekiti, na fagio uje nalo.

Kijana mwenzangu wa kazi, sikiliza hapa, maana hili halimo kwenye kitabu chochote cha nyasi. Kukosea si kazi. Kazi ni kurudi palepale ulipojisikia mtu mkubwa, ukavue ukubwa mbele ya walewale. Nilijua nikisema nimekosea, mwakani hakuna atakayeningoja na karatasi yangu. Na wangeniuliza pia kwa nini nawaruhusu watu kuanika dagaa uwanjani.

Dukani nikasema yote. Nilisema nilisoma ardhi iliyofagiwa nikadhani ni ardhi isiyochezewa, na kwamba kosa ni langu, kwa sababu mtu mwenye akili angejiuliza mbona hata alama za beki wa Kalinzi hazipo, au naye alicheza akiwa kwao. Hilo la beki ndilo lililoniuma zaidi. Mama Zuhura akaeleza habari ya fagio, akiwa amelisimamisha kama mkuki, na harufu ya dagaa ikaingia kwenye vitenge vya watu. Akamalizia kwamba yeye hajui mpira, ila anajua ardhi iliyochimbwa, na upande wa jukwaa angeweza kuanika dagaa bila kupoteza hata mmoja.

Mzee Kitwana alikuwa ameshashika ile orodha, imepigwa taipu, bado muhuri tu. Alimtazama Mama Zuhura, akanitazama mimi, na uso wake haukuwa mzuri. Mpwa ni mpwa, na dada yake alikuwa nyumba ya pili kutoka pale.

Aliyesema ni Shomari mwenyewe. Alikuwa mlangoni, ameegemea baiskeli yake, hatujui alifika saa ngapi.

"Mjomba, mimi nilimwona," akasema. "Nilikuwa benchi. Nilikuwa namwombea ajikwae, halafu akipata mpira nasahau, nasimama kushangilia."

Mzee Kitwana akavua miwani. Akasema jambo ambalo lilimpa heshima kwangu mpaka leo, ingawa alilisema kwa hasira. Akasema, "Sasa nani anajua lori la Kasulu limeondoka saa ngapi?"

Lilikuwa limeshaondoka. Mwenyekiti alifuta jina la mpwa wake, akaandika la Salvatori kwa mkono wake, akagonga muhuri wa klabu kwenye orodha na kwenye barua ya kibali mpaka meza ikatikisika. Orodha akapewa kocha aipeleke mkoani. Barua nikapewa mimi, na Shomari akanionyesha kerieni ya baiskeli. Nikapanda. Mtu mzima, mtumishi wa halmashauri, jezi kwapani na barua mdomoni kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imemshika Shomari kiunoni. Mama Zuhura alitusukuma mpaka mwisho wa mtaa, kisha akaturushia dua. Nilisikia watu wa baraza wakiuliza Muha anapelekwa wapi, na mmoja akajibu, Kasulu, ule mstari wake haujafika.

Mungu awabariki askari wa kizuizi cha barabarani kwa kukagua vibali taratibu kuliko viumbe vyote. Lori lilikuwa limesimama pale, watu kama thelathini juu ya magunia, kila mmoja ameshika karatasi yake. Salvatori alikuwa amekaa pembeni kabisa, miguu inaning'inia. Alipotuona alidhani tumefuata kitu alichosahau, akaanza kupekua mkoba wake. Nikampa jezi, kisha barua. Aliisoma polepole, midomo ikicheza, akafika mwisho akarudia. Kisha akamtazama Shomari, kwa sababu hakuwa mjinga, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Na wewe unacheza wapi?"

Shomari alikuwa bado anahema. Akasema, "Jukwaani. Lakini usizoee, mwanangu."

Salvatori akacheka. Tangu afike Ujiji sikuwa nimemsikia akicheka. Alikuwa na kicheko kikubwa, cha mtu mnene. Askari akauliza kuna nini, nikamweleza, akasema yeye ni mshabiki wa Migebuka, na hiyo winga ya kushoto imemkosesha usingizi tangu mwaka jana. Akatia saini kibali cha Salvatori hata kabla sijamwomba. Salvatori akaruka chini na ile jezi na barua mkononi, akausahau mkoba.

Aliyempokeza mkoba wake ni bibi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya magunia, kitambaa cha bluu kichwani. Aliinama, akamshika Salvatori kichwa kwa kiganja kimoja, akasema, "Genda, mwana wanje. Udukinire natwe."

Shomari aliniuliza bibi amesema nini. Nikamwambia amesema, nenda mwanangu, ukatuchezee na sisi. Lori likawashwa, likaanza kupanda mlima, na wote waliokuwa juu ya magunia, mpaka mtoto wa mgongoni, walikuwa wanatupungia mikono na kushangilia kama vile wao ndio waliosajiliwa.